Tulimkataza Kijana Kuchora

Mara nyingi mwalimu wa dini huandika ili kuwaonya wengine. Leo twataka kuwaeleza kosa letu wenyewe, maana twaona kwamba wazazi wengi wa mji wetu wa Goma wamesimama pale pale tulipokuwa tumesimama sisi.

Sisi tuandikao habari hizi ni katekista wa parokia. Tulisoma seminari miaka mingi, tukajifunza Kilatini kidogo na falsafa, kisha tukatambua kwamba wito wetu ni ndoa na kazi ya kufundisha dini. Dada yetu mkubwa alipofiwa na mumewe, tulipokea mzigo wa kumsomesha mwanawe wa kwanza. Kijana huyo alikuwa mtiifu, lakini tangu utoto mkono wake haukutulia. Akipata kipande cha makaa, ukuta umekwisha. Akipata kalamu, daftari la hesabu lajaa sura za watu, mbuzi na chukudu.

Mwaka 2021 alimaliza mwaka wa nane, ikampasa kuchagua njia ya masomo. Kwetu Kongo, kama mjuavyo, katika miaka minne ya mwisho ya sekondari kila mwanafunzi hushika njia moja: ualimu, biashara, sayansi, ushonaji au nyingine. Jioni moja alitujia, akasema kwa adabu: "Mjomba, nataka njia ya sanaa. Nataka kusoma kuchora na kuchonga."

Tulicheka. Tukamwambia: "Picha hailiwi. Mama yako auza samaki sokoni toka alfajiri, nawe wataka kucheza na rangi?" Tukamwandikisha njia ya biashara. Tena, tulitwaa daftari lake la michoro, tukalifungia sandukuni, ili asome bila kupotewa na akili. Dada yetu alinyamaza. Angesema nini, na minervali hutoka mfukoni mwetu?

Yafaa tuseme pia kwamba tulikuwa na hofu. Mwaka ule ule, jioni ya tarehe 22 Mei, mkesha wa Pentekoste, mlima Nyiragongo ulipasuka. Wazee wa Goma waliikumbuka mara moja tarehe 17 Januari 2002, moto ulipopita katikati ya mji na kuteketeza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Safari hii lava ilisimama karibu na Buhene, mlangoni mwa mji. Lakini usiku ule nani alijua itasimama wapi? Tulikimbia na magodoro kichwani. Siku chache baadaye tuliamriwa kuhama, tukaenda Sake pamoja na maelfu ya wenzetu. Mtu aliyekwisha kubeba nyumba yake kichwani hapendi kusikia habari za rangi. Ataka mtoto wake ashike kitu cha kumlisha kesho.

Basi, mwaka uliofuata, Jumamosi moja, tulikuwa tukiwafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza mfano wa Mwana Mpotevu. Mpwa wetu alikuja kutusaidia kuwatuliza. Tulieleza kwa maneno mazuri ya seminari: toba, huruma, urithi. Watoto wakavutana nguo na kuhesabu nzi. Ndipo padri akatuita nje kwa neno dogo.

Tuliporudi, darasa zima lilikuwa kimya. Kijana alikuwa amechora ubaoni kwa chaki. Palikuwa na mzee akimbiaye, mikono wazi, juu ya mawe meusi, na nyuma yake mlima wenye moshi. Mguu mmoja ulikuwa na ndara. Mguu wa pili ulikuwa mtupu, na ndara yake imebaki nyuma njiani.

Msichana mmoja akauliza: "Mbona baba huyu ana kiatu kimoja?"

Kijana akajibu: "Alikuwa akimtafuta mtoto. Ndara ilipomtoka, hakurudi kuiokota."

Wapenzi wasomaji, tulisimama mlangoni, tusiweze kuingia. Usiku ule wa mkesha wa Pentekoste kijana huyu alitupotea katika umati. Tuliwaacha wengine, tukarudi tukiita jina lake gizani, na tulipompata tulikuwa na ndara moja tu. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Hatukujua kama aliliona. Kumbe aliliona, akalitunza, na siku hiyo alilitumia ili watoto wamjue Baba wa mbinguni. Tulipowauliza habari za mfano, wote walinyosha mikono.

Jioni ile tulifungua sanduku, tukalitazama lile daftari kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumelifunga bila kulisoma. Katika ukurasa wa kwanza palikuwa na ndara moja juu ya mawe, na chini yake tarehe ya Juni 2021. Tukamrudishia. Alilipokea kwa mikono miwili, asiseme neno. Mwaka wake wa biashara ulikuwa umekwisha vibaya, akalazimika kuanza tena mwaka wa kwanza katika njia ya sanaa. Mwaka huo mmoja uliopotea ni deni letu kwake.

Sasa, masomo hayo ni nini hasa? Tulidhani ni mchezo. Katika mwezi wa kwanza kijana alirudi nyumbani amenuna. Mwalimu wake alimwambia achore chukudu, naye aliichora haraka, kama alivyozoea. Mwalimu akamrudishia mara nne. Mwishowe akampeleka barabarani, wakaitazama chukudu yenyewe: magurudumu ya mti yaliyovikwa mpira, ubao wa kubebea mzigo, mahali pa kuweka goti. Akamwambia: "Ukilitazama gurudumu toka ubavuni, ni duara. Ukisogea mbele kidogo, jicho laliona kama yai. Akili yako yashikilia duara kwa sababu yajua ni duara. Chora unaloliona, si unalolijua." Sisi tuliposikia hayo tulifikiri juu ya Mtume Yohane, aliyewatangazia watu yale aliyoyaona kwa macho yake na kuyagusa kwa mikono yake. Ushahidi wa kweli huanza na kutazama vema.

Baadaye alijifunza rangi. Nyekundu, njano na buluu ndizo mama. Kutoka kwao rangi nyingi huzaliwa. Akajifunza kwamba kivuli si weusi mtupu, na kwamba hata mawe yetu ya lava, tunayoyaita meusi, wakati wa mapambazuko huwa na buluu na zambarau ndani yake. Tumeishi juu ya mawe hayo maisha yetu yote, hatukuyaona. Katika kufinyanga alifundishwa kuukanda udongo mpaka hewa yote itoke, na kuukausha polepole, la sivyo chombo hupasuka motoni. Yuko pia mwalimu wa historia ya sanaa. Na Kifaransa, hesabu na dini husomwa kama katika njia nyingine. Mvivu hawezi kumaliza njia hiyo.

Nasi tuliosoma seminari tulipaswa kujua haya mapema. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulisema wazi kwamba Kanisa halikujifungia katika mtindo mmoja wa sanaa, na kwamba sanaa ya kila taifa ina nafasi katika nyumba ya Mungu. Hati hiyo yasifu pia kuwekwa kwa shule za sanaa takatifu. Na hapa kwetu kazi hiyo ilikwisha kuanza zamani. Mwaka 1943 Bruda Marc-Stanislas, wa Ndugu wa Shule za Kikristo, alianzisha Shule ya Mtakatifu Luka huko Gombe-Matadi. Mwaka 1949 ilihamia mji uitwao leo Kinshasa, na toka 1957 yaitwa Akademia ya Sanaa. Hapo ndipo alipopita Alfred Liyolo, mchongaji aliyejulikana hata nchi za nje. Na huko Lubumbashi, toka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés aliwakusanya vijana kama Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela Sara. Hakuwapa picha za Ulaya wazinakili. Aliwaacha watazame samaki, ndege na miti ya kwao. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mambo hayo tuliyajibu vizuri katika mtihani, lakini yalipoingia nyumbani mwetu tuliyafungia sandukuni.

Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia mjini. Siku zile tulilala chini, mbali na madirisha, na kwa muda kijana hakushika kalamu. Hatukumlazimisha. Kisha, tarehe 15 Juni mwaka ule, huko Roma, Floribert Bwana Chui alitangazwa Mwenye Heri. Wote mwajua kwamba alikuwa kijana wa hapa Goma, mkaguzi wa bidhaa mpakani, aliyekataa fedha ili vyakula vilivyooza visiingie, naye akauawa kwa ajili hiyo mwezi wa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Jumuiya yetu ndogo ilitaka picha yake, wakamwomba mpwa wetu.

Akatuuliza: "Mjomba, wengine wataka nichore damu, wengine mwanga kichwani tu. Mimi nataka kuchora mkono wake."

Tukamwambia: "Chora uonavyo."

Akachora mkono ukirudisha bahasha. Nyuma yake kuna magunia, na upande wa pili wa magunia mtoto ameshika bakuli. Siku ya kuionyesha, mama mmoja mzee, muuzaji wa sokoni, aliikaribia sana, akasema: "Huyu mwenye bakuli ndiye aliyeokoka." Mtu mwingine, mfanya biashara, aliitazama muda mrefu, akaondoka bila kutuaga. Hatukumwuliza neno. Sisi hatuabudu picha. Twamheshimu yule aonyeshwaye na picha, na zaidi twamshukuru Mungu aliyempa nguvu. Lakini mara nyingi picha hufika mahali ambapo mahubiri yetu hayafiki.

Wazazi watatuuliza: "Je, atakula nini?" Swali hilo ni la haki. Twajibu kwa ukweli: njia hii si njia ya utajiri. Karatasi na rangi ni ghali, na wengi watumia makaa ya jikoni na maboksi ya zamani. Hata hivyo, wakati wa likizo kijana wetu huandika mabango ya maduka na vinyozi, na sehemu ya minervali ailipa mwenyewe. Mwaka huu yu katika mwaka wa mwisho, ajitayarisha kwa mtihani wa Serikali. Atamani kwenda Kinshasa, kwenye Akademia. Safari ni ndefu, na fedha hatuna bado. Lakini hatucheki tena.

Hatusemi kwamba kila mtoto achafuaye ukuta apelekwe shule ya sanaa. Mwangalieni: je, huchora hata asiposifiwa? Akikosea, huanza tena? Akikubali kurudishiwa kazi mara nne, basi Mungu amemkabidhi talanta, nasi tusiwe watu wa kuifukia ardhini kwa jina la busara.

Haya, ndugu wazazi. Kabla hamjalifungia daftari la mtoto, lifungueni kwanza, mtazame aliloliona.