Saa ya Babu na Vumbi la Voi

Ukishuka Voi, ndugu msomaji, utapokewa na vumbi jekundu, lile lile linalowapaka rangi ndovu wa Tsavo. Reli ilifika hapa miaka ya 1890, na kazi ya reli ni kazi ya saa. Kama kwenu kuna saa ya ukutani ya kutia ufunguo, aliyoiacha babu, adui yake ni vumbi hilo. Usiitilie mafuta ya kupikia! Hunasa vumbi, likawa msasa unaosaga vyuma vya ndani. Funga kioo, mwite fundi saa.

Panda sasa Wundanyi kupitia Mwatate. Huku juu ni ukungu; springi hushika kutu. Itundike ukuta mkavu. Na kabla ya kuisafirisha kwenye kona zile, ondoa kwanza uzani unaobembea.