Silabi ya M na Ukurasa wa Tano

Wanakwaya wetu wamegawanyika, bila ugomvi wowote, katika makundi mawili: wanaosoma nota za mistari mitano na wanaosoma solfa. Katika parokia ya katikati ya jiji la Dar es Salaam tunakofanya utume wa mwisho wa juma, sisi mafrateri watatu pamoja na mpiga kinanda mmoja, kundi la solfa ndilo kubwa, na ndilo lenye wazee. Kabati la kwaya lina madaftari ya solfa yaliyoandikwa kwa mkono na mwalimu wa kwaya ambaye sasa ni marehemu. Wino wa bluu umepauka, na kurasa za mwisho zimeliwa na unyevu wa pwani. Baadhi ya nyimbo zile hazipo mahali pengine popote, isipokuwa vichwani mwa mama na baba wachache wa sauti ya pili na ya nne. Ndiyo maana tumeanza kuzinakili kwenye kompyuta. Kwa kuwa tunaulizwa mara kwa mara kazi hiyo inafanyikaje, na kwa nini inachukua muda mrefu hivyo, tumeona tuandike.

Programu tunayotumia inaitwa LilyPond. Ilianzishwa mwaka 1996 na Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen. Ni ya bure, na ni sehemu ya mradi wa GNU. Ukiifungua huoni karatasi yenye mistari ya kubofya nota kwa kipanya. Unaandika maandishi matupu, kama mtu anayeandika barua: c4 ni nota C ya pigo moja, c8 ni ya nusu pigo, fis ni F iliyopandishwa, kwa jina la Kiholanzi. Ukimaliza, programu inasoma maandishi yako na kukutolea PDF iliyopangwa tayari. Ukisahau kufunga mabano hupati PDF unayoitaka, unapata malalamiko yenye namba ya mstari.

Wenzetu wengi wanaotunga kwa programu za kubofya hutuuliza kwa nini tujitese. Jibu la kwanza ni la kabati lile lile. Mwezi Agosti 2024 watengenezaji wa Finale, programu iliyokuwapo tangu mwaka 1988, walitangaza kwamba hawataiendeleza tena. Hatulaumu mtu, kila biashara ina mwisho wake. Lakini faili la maandishi matupu litafunguka katika kompyuta yoyote, hata kama LilyPond yenyewe itakuwa imesahaulika, na mtu mwenye subira ataweza kulisoma kwa macho tu.

Jibu la pili lilitujia tukiwa kazini. Solfa nayo ni muziki ulioandikwa kwa herufi. Sarah Glover wa Norwich, na baada yake mchungaji John Curwen, waliieneza Uingereza katika karne ya 19, na faida yake mojawapo ilikuwa kwamba mchapaji wa kawaida aliweza kuichapa kwa herufi alizokuwa nazo. Nukta mbili hutenganisha mapigo, mstari wa wima hufunga kipimo, kistari hurefusha sauti. Katika madaftari yetu d' ni do ya juu na s, ni so ya chini. Katika LilyPond c' huenda juu na c, huenda chini. Mzee mmoja wa besi alipotazama skrini yetu kwa mara ya kwanza alisema, "Kumbe hii ni solfa ya Wazungu." Tulicheka, lakini ametuelewesha kuliko mwongozo mzima.

Kuna mtego hapo, na tunautaja kwa ajili ya atakayejaribu. LilyPond inakubali uandike nota kwa majina ya Kiitaliano, do, re, mi, na mtu wa solfa atafurahi kuona hivyo. Asifurahi haraka. Do ya Kiitaliano ni C siku zote, wakati do yetu huhama kufuata ufunguo. Ni bora kujifunza majina ya Kiholanzi na kuiacha do ibaki huru.

Sasa tuje Kariakoo. Kazi yote hii huishia katika steshenari moja ya mtaa wa ndani, kati ya maduka ya vitenge na ya vyombo vya plastiki, ambako mashine ya kudurufu hupigana na kelele za wapiga debe. Tunachapa kwenye karatasi za A4 pande mbili na kuzikunja katikati. Karatasi moja inatoa kurasa nne ndogo. Wimbo ukiingia katika kurasa nne, kila mwimbaji anapata karatasi moja. Ukiwa na kurasa tano, anapata mbili, na ile ya pili karibu yote ni tupu. Waimbaji ni sitini. Mweka hazina wa kwaya anajua hesabu hiyo vizuri kuliko sisi.

Wimbo wetu wa kwanza wa matoleo ulitoka na kurasa tano, na ule wa tano ulikuwa na mstari mmoja tu wa nota. Njia rahisi ilikuwa kupunguza ukubwa. LilyPond huanza na stafu yenye ukubwa wa pointi 20, na unaweza kuiteremsha kwa amri moja hadi 14 au chini zaidi. Tuliteremsha, tukachapa nakala ya majaribio, tukampa mama mmoja wa sauti ya pili. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaikunja na kuiweka kwenye mkoba wake bila kusema neno. Hiyo ilikuwa hukumu tosha.

Unaweza pia kuiambia programu page-count = 4 na kuiacha ihangaike. Inatii: inabana mistari mpaka maneno ya sauti ya kwanza yanakaribia kugusa nota za sauti ya pili. Tatizo lilikuwa katika mpangilio wenyewe. Kila sauti ilikuwa na stafu yake, stafu nne kwa mstari, na mashairi manne yamerundikwa chini ya nota. Tukaziweka sauti mbili mbili katika stafu moja, sauti ya kwanza na ya pili juu, ya tatu na ya nne chini. Chini ya nota tukabakiza kiitikio na shairi la kwanza. Mashairi mengine tukayapanga kama maandishi ya kawaida mwishoni, safu mbili. Wimbo ukarudi kurasa nne na nafasi ikabaki, tena kwa ukubwa unaosomeka. Katika mambo ya kurasa tumeona hivyo mara nyingi: kabla ya kubana, tazama kwanza kama kuna kitu kimeandikwa mara nne bila sababu.

Kiswahili nacho kina madai yake. Maneno yetu yana silabi nyingi, kwa hiyo chini ya nota huwa pamejaa. LilyPond ikikosa nafasi huficha vistari vya kuunganisha silabi, na maneno mawili yaliyo jirani yanaweza kusogeleana mpaka msomaji haoni moja linaishia wapi. Dawa ni kuongeza thamani ya LyricSpace.minimum-distance ili kati ya neno na neno pawe na pengo la lazima. Namba za mashairi nazo haziandikwi hivi hivi pamoja na maneno, kwa sababu tarakimu katika maneno ya wimbo husomwa kama urefu wa sauti. Zina amri yake, inayoitwa stanza.

Lakini yaliyotuchukua wiki nyingi ni silabi. Mwalimu marehemu aliandika maneno mazima chini ya solfa bila kuyakata, kwa kuwa alikuwepo mwenyewe kuyafundisha. LilyPond inataka kila silabi itengwe, na kukata maneno ya nyimbo mia kwa mkono ni kazi ya kuchosha. Tukaandika skripti fupi ya Python. Kanuni yake ni nyepesi kwa sababu silabi ya Kiswahili huishia kwenye irabu: soma herufi mpaka ufike kwenye irabu, kata, endelea. Irabu mbili zikifuatana, kila moja inajitegemea, ndiyo maana Mkuu ana silabi tatu.

Mahali pa kuijaribia palikuwa dirishani. Kariakoo: Ka-ri-a-ko-o. Jina hilo lenyewe ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, lililofunguliwa silabi zake na vinywa vya watu wa mjini. Narung'ombe: Na-ru-ng'o-mbe. Mchikichi: M-chi-ki-chi. Tandamti: Ta-nda-m-ti. Msimbazi ndio mtaa uliotufundisha zaidi: M-si-mba-zi. M ya kwanza inasimama peke yake, na m ya katikati inaambatana na b. Tukaiambia skripti kwamba m iliyo mbele ya konsonanti ni silabi kamili, isipokuwa mbele ya b, w na y.

Mitaa yote ikapita. Kisha tukaingiza nyimbo, na Yohane Mbatizaji akakataa. Mbinguni ni mbi-ngu-ni, lakini Mbatizaji ni M-ba-ti-za-ji, kwa kuwa m yake ni kiambishi cha mtu. Mbarikiwa vivyo hivyo. Mvua ni mvu-a, mvuvi ni m-vu-vi. Neno mbaya ndilo gumu kuliko yote: katika "mtu mbaya" m inasimama, katika "njia mbaya" inaambatana, na maandishi ni yale yale. Hakuna hesabu ya herufi itakayolitatua hilo. Ni lazima kujua ngeli. Tumetengeneza orodha ya maneno ya pekee, na kila wiki inaongezeka.

Ndipo tukaipa skripti kazi ya pili, ambayo tunaona ina thamani kuliko ya kwanza: ihesabu silabi, ihesabu nota, na pale zisipolingana itoe namba ya kipimo. Katika wimbo mmoja wa Majilio ilitoa kipimo cha tisa. Silabi za Mbatizaji ni tano, nota za sauti ya kwanza ni nne. Ama mtunzi alitaka m imezwe pamoja na ba, ama kuna nota iliyoliwa na unyevu, maana ukingo wa ukurasa ule ulikuwa umekatika.

Tukamwendea yule mama wa sauti ya pili, aliyeimba chini ya mwalimu yule tangu akiwa msichana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Leo mmekuja na karatasi ndogo tena?"

Tukamweleza. Akafumba macho akaimba sauti yake, na m ikasikika wazi, fupi, kabla ya pigo. Mzee wa besi aliyekuwa karibu akapinga: wao waliimeza. Wakaimba kila mmoja kivyake, mara tatu, wakiwa na uhakika ule ule. Tulifungua daftari la besi, ambalo lilikuwa zima. Mbele ya mstari wa kipimo cha tisa palikuwa na s, moja ya nusu pigo, na chini yake herufi m, ndogo, imeandikwa peke yake. Mzee akaitazama kwa muda. "Basi tuliimeza bila ruhusa," akasema.

Nota ile sasa imo katika faili, na pembeni yake tumeandika maelezo mafupi, yanayotanguliwa na alama ya asilimia ili programu iyaruke, kwamba ilitoka katika daftari la besi na kwa ushuhuda wa nani. Kuna vipimo vingine kama hivyo, na mashahidi wake wana umri mkubwa. Tunaanza na nyimbo ambazo zimebakiza mtu mmoja tu anayezikumbuka.

Kilichobaki ni solfa yenyewe, maana wazee hawawezi kuambiwa wajifunze stafu sasa. LilyPond inaweza kuandika majina ya nota chini ya stafu, na kwa kazi ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya Scheme tumeifanya ihamishe wimbo hadi C kwanza, kisha itoe d, r, m badala ya c, d, e, pamoja na fe na ta zinapohitajika. Kutoka faili moja tunapata nakala mbili: moja ya mpiga kinanda, moja ya waimbaji. Mama aliipokea nakala ya solfa, akaisoma mstari wa kwanza, akauliza, "Nukta mbili ziko wapi?" Hazipo. Herufi zinaonyesha sauti, mapigo bado yanasomwa kwenye nota za juu. Kwa sasa tunazijaza kwa kalamu kwenye nakala mama kabla ya kwenda steshenari, na mmoja wetu ameanza kuandika skripti ya kuzipanga. Imeshaweza vipimo vya mapigo manne. Sita kwa nane bado inaisumbua, na nusu ya nyimbo za matoleo ni za sita kwa nane.