Moshi Upite Njia Yake

Ekzosi ni kazi ambayo mafundi wengi wa Nairobi huwaachia vijana. Injini ni ya mwenye gereji, giaboksi ni ya mzoefu, na anayelala uvunguni kutu ikimdondokea usoni ni yule aliyeajiriwa juzi. Nami niliingia uvunguni hivyo hivyo, katika gereji moja ya Industrial Area, ila sikutamani kutoka. Mzee aliyenifunza, Kalasinga aliyeijua Safari Rally tangu enzi za dereva Joginder Singh, aliamini kwamba fundi hupimwa kwa viungio vyake: pale vyuma viwili vinapokutana na moshi usipate pa kupenya.

Gari lililonifundisha maana ya maneno hayo ni Datsun 240Z. Wakenya wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Lilishinda Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Machache ya aina hiyo yalibaki kwa watu waliokataa kuyauza, na tangu Safari Classic ilipoanza mwaka 2003, 240Z zimerudi kupigania barabara zile zile za vumbi.

Injini yake, L24, ina silinda sita kwa mstari. Hedi ni ya alumini, manifodi ya moshi ni chuma cha kalibu. Kwa joto lile lile alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, lakini manifodi ndiyo inayopata moto mkali zaidi, kwa hiyo vyuma hivyo havitembei pamoja hata siku moja. Kila safari vinasuguana juu ya gasketi. Kati ya stadi zinazofunga manifodi kwenye hedi, zile za mwisho, ya mbele kabisa na ya nyuma kabisa, ndizo zinazobeba mvutano huo, na ndizo zinazokatika. Ukiisikia 240Z ikilia tik-tik asubuhi, mulika tochi huko pembeni kwanza.

Kuna ubaya mwingine uliojificha zaidi. Katika injini hii manifodi ya hewa na manifodi ya moshi ziko upande mmoja, moja juu ya nyingine, na zinashiriki gasketi na baadhi ya stadi. Washa moja nene hukanyaga masikio ya zote mbili, nusu juu ya alumini, nusu juu ya chuma. Masikio hayo yasipolingana unene, washa huinama. Utakaza nati mpaka mkono ufe ganzi, na bado upande mmoja haujabanwa. Nimeona gari likibadilishiwa gasketi tena na tena, fundi akilaumu gasketi feki, kumbe hakuna aliyewahi kupima masikio.

Mteja mmoja, mwalimu mstaafu, alituletea 240Z iliyokuwa imepakwa gundi ya ekzosi kuzunguka manifodi nzima katika gereji nyingine. Gundi ilikuwa imepasuka na mlio umerudi.

"Fundi, nipakeni tu nyingine," alisema. "Jumamosi nina safari."

Mzee hakutazama injini. Alimuuliza, "Bwana, ukiendesha hili gari kichwa kinakuuma?"

Yule mwalimu akashangaa. "Kila nikienda Naivasha. Nadhani ni jua."

Mzee akafungua mlango wa nyuma, akapitisha kidole kwenye mpira wake uliochakaa. Gari lile, kwa umbo lake, likikimbia huacha mgandamizo mdogo wa hewa nyuma yake, na moshi hunyonywa kurudi ndani kupitia upenyo wowote. Manifodi nayo ilikuwa ikivuja mwisho wake wa nyuma, karibu na ukuta wa injini wenye matundu ya nyaya. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na anayeivuta huumwa kichwa, kisha husinzia. Siku ile ndiyo pekee niliyomwona Mzee akimnyima mtu ufunguo wa gari lake mwenyewe. Mwalimu alirudi nyumbani kwa matatu.

Tulipobandua gundi tulikuta michirizi ya masizi kwenye hedi, na stadi ya nyuma imekatikia usawa wa alumini. Hapo haraka huharibu hedi, maana keekee ikiyumba hukimbilia alumini iliyo laini na kuiacha stadi. Nilitia mafuta ya kulegeza kutu, nikaacha yalale usiku kucha. Asubuhi tukachomelea nati juu ya kisiki. Joto la kuchomelea lenyewe huvunja kutu. Nikaanza kukizungusha taratibu, robo mbele, robo nyuma, hadi kikatoka na nyuzi zake zote. Furaha ya kazi hii iko hapo, chuma kilichokataa kinapokubali.

Manifodi tukailaza kwenye rula ya chuma na kupenyeza majani ya fila geji: ilikuwa imepinda. Ikasagwa mashineni. Manifodi ikisagwa masikio yake hupungua unene, kwa hiyo ya hewa nayo ilibidi ifuate, na kipimo cha venia ndicho kilichoamua kiasi. Tukaweka gasketi mpya, bila gundi yoyote. Nati tukazikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo. Tukawasha injini ipate moto, tukaizima, ikapoa kabisa, nati tukazirudia. Mwisho tukabadilisha mipira inayobeba bomba, kwa sababu bomba likining'inia kwenye manifodi, barabara ya murram itaifungua tena.

Siikatai gundi. Ina mahali pake nyuma, bomba linapoingia ndani ya bomba jingine na klempu ikabana. Kwenye manifodi hukauka ikawa ngumu, na kitu kigumu hakiwezi kufuata chuma kinachotanuka. Silikoni nyekundu za dukani nyingi hustahimili nyuzi 300 hivi. Moshi unaotoka kwenye silinda za gari linalokimbizwa hupita 700.

Siku hizi vijana huniletea Subaru Impreza zenye turbo. Huko hasara ni kubwa zaidi: kivujacho kabla ya turbo ni nguvu inayopotea, na penye kihisio cha oksijeni, hewa ya nje ikinyonywa ndani, kompyuta hudhani petroli ni pungufu na kuongeza. Gari linakunywa mafuta, mwenyewe anabadilisha plagi.

Basi ombi langu kwa mwenye gari lolote la mbio: ukisikia mlio wa tik-tik asubuhi na ukapotea baada ya dakika chache, usifurahi. Chuma kimetanuka tu na kuziba mwanya kwa muda. Fungua madirisha, lipeleke gereji jioni, uliache lilale huko, fundi aliwashe mwenyewe asubuhi likiwa baridi. Likimfikia likiwa na moto, atakuambia halina kitu.