Namba Bila Kadi

Valencia, Jumanne, 5 Septemba 2023

Kumbe namba ninayo tangu Dar. Imechapwa kwa herufi ndogo kwenye kibandiko cha viza: Y, tarakimu saba, kisha herufi moja. Aliyeniwekea kidole hapo ni dada wa Mombasa anayekaa ghorofa ya chini. "Mdogo wangu, usimpe mtu pesa akutafutie namba. Namba unayo. Huna kadi."

Namba inaitwa NIE, kadi inaitwa TIE. Mwenye viza ya masomo ya zaidi ya miezi sita anatakiwa aombe kadi ndani ya mwezi mmoja tangu aingie nchini. Muhuri wangu wa uwanja wa ndege ni wa Jumapili.

Alhamisi, 7 Septemba

Benki. Kijana wa dirishani ana adabu zake, lakini anataka kadi. Nikamfungulia ukurasa wa viza, nikamwonyesha namba. Akaitazama, akatabasamu, akarudia: kadi.

Njia nzima nimerudi nikiwaza habari ya kitambulisho chetu cha taifa, cha NIDA. Kwetu namba ilitangulia kadi na maisha yakaendelea. Mwaka 2019, na hadi ile Januari 2020, laini zilipokuwa zikisajiliwa kwa alama za vidole, watu walikwenda na namba tu, tarakimu 20 wamezikariri au wameziandika nyuma ya risiti. Kadi ilikuja ilipokuja. Tena ile ya kwetu inajieleza, kwa sababu tarakimu nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Hii ya huku haitaji umri wangu wala nchi yangu. Herufi ya mwanzo ndiyo inayotangaza kwamba mimi mgeni, basi.

Na haitoi ruhusa yoyote. Mtu anaweza kuwa na NIE akiwa kwao, amenunua nyumba ya kupumzikia pwani, asiwe na haki ya kukaa hapa hata mwaka mmoja. Ni namba ya kukutambua kwenye kodi, mikataba na mafaili. Dada anasema wageni wengi wanaoumia huumia hapo: wanapewa namba, wanadhani wamepewa nchi.

Jumatatu, 11 Septemba

Bila kuandikishwa kwenye daftari la wakazi wa manispaa, mambo mengine hayasogei. Wanaliita padrón. Mwenye nyumba hataki nitumie anwani yake. Anasema "baadaye, baadaye", na sababu anaificha vibaya: kodi ninayomlipa haijulikani kwa watu wa mapato. Nikamwambia dada. Akacheka. "Unao mkataba wa pango? Umetiwa saini? Basi unamwomba ruhusa ya nini?"

Kweli. Sheria yao ya serikali za mitaa ya 1985 inamtaka kila anayeishi kwenye manispaa ajiandikishe, awe na karatasi za ukaazi au asiwe nazo. Ndiyo maana hata asiye na viza hujiandikisha, na karatasi hiyo ndiyo ushahidi wake kwamba anaishi hapa, kuanzia lini.

Nimekwenda leo na mkataba na pasipoti, nimetoka na karatasi yenye muhuri. Hii ndiyo barua yao ya serikali ya mtaa, ila hakuna mwenyekiti wa kumsubiri atoke msibani, wala mjumbe wa kusema "huyu namfahamu, mtoto wa fulani". Hapa wanafahamu mlango. Mimi ni mkazi wa mlango namba 7.

Jumatano, 20 Septemba

Miadi ya kuombea kadi hakuna. Naingia kwenye tovuti asubuhi kabla ya chai, naingia mchana, naingia usiku. Nachagua mkoa, nachagua "kuchukuliwa alama za vidole", najaza namba yangu, na jibu ni lile lile: kwa sasa hakuna nafasi.

Kwenye duka la kutuma fedha na kuchapisha karatasi, jamaa mmoja kaniambia kwa sauti ya chini kwamba nafasi ipo, euro 40. Miadi yenyewe ni bure. Wapo wanaotumia programu za kompyuta kuzoa nafasi zote mara zinapofunguliwa, kisha wanaziuza, na polisi wameshakamata mitandao ya namna hiyo. Huu ni ulanguzi, sawa na ule wa tiketi za mabasi ya mikoani mwezi Desemba. Sikununua. Si ushujaa, euro 40 ni chakula changu cha wiki.

Ijumaa, 29 Septemba

Imepatikana! Saa mbili na dakika chache asubuhi, nikiwa sijavaa hata viatu. Tarehe 17 Oktoba. Mwezi utakuwa umepita, lakini dada anasema nichapishe karatasi ya miadi, niishike. Inaonyesha niliomba mapema.

Jumatatu, 9 Oktoba

Sikukuu ya jimbo, ofisi zote zimefungwa, bendera na bendi mtaani. Nimekula vipande vya lozi na sukari vilivyofinyangwa kama matunda, hufungwa kwenye kitambaa siku ya leo.

Mwenzangu darasani kanisimulia habari ya vitambulisho vyao wenyewe, DNI. Namba 1 alijipa Franco, mtawala wao wa zamani, 2 ni ya mkewe, 3 ya binti yao. Kuanzia 10 zikawekwa za familia ya kifalme: Juan Carlos ana 10, mfalme wa sasa, Felipe, ana 15. Namba 13 iliachwa, eti ina mkosi. Sisi wageni tulianziwa na X; agizo la 2008 likaongeza Y, na Z ikawekwa akiba. Watawala walihesabiwa mmoja mmoja, sisi tunamaliza herufi.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimepeleka fomu EX-17, pasipoti na nakala zake, karatasi ya padrón, picha yenye mandhari nyeupe, na risiti ya ada, fomu 790 msimbo 012, euro 16 na senti kidogo, niliyolipa benki jana.

Ile EX-17 ilinichukua jioni nzima. Inataka jina la ukoo la kwanza na la pili, kwa kuwa kila Mhispania anachukua la baba na la mama. Mimi nina langu, la baba na la babu. Pasipoti imemfanya babu kuwa ukoo, basi nikafuata pasipoti na nafasi ya pili nikaiacha wazi. Hali ya ndoa ina visanduku vitano: S, C, V, D, Sp. Nikatia alama kwenye D, ya talaka, haraka, nikahamia mstari unaofuata.

Ukumbini askari akatoka mlangoni na kuita kwa sauti jina la babu yangu. Mzee yule hakuwahi kwenda mbali zaidi ya Zanzibar. Nikasimama mimi.

Kidole cha shahada cha kulia kilisoma. Cha kushoto kikakataa. Askari, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, akafuta kioo kwa kitambaa, akanishika kidole akakibonyeza mwenyewe, akakizungusha kidogo, kikakubali. Hakusema neno. Nikamkumbuka bibi siku ya kusajili laini, vidole vimekwisha kwa kusuka mikeka, kijana wa kampuni ya simu anahangaika na kimashine chake juani.

Nimepewa karatasi ya kusubiria. Kadi ni baada ya mwezi au zaidi, na miadi ya kuichukua ni nyingine.

Jumanne, 28 Novemba

Kadi ninayo. Picha mbaya kuliko ya viza.

Nimerudi benki ile ile. Kijana akachapa namba, kompyuta ikaikataa. Akachapa tena, ikaikataa. Akaanza kunitazama vile wanavyotutazama. Nikamwomba anisomee alichoandika: tarakimu mbili alikuwa amezigeuza. Nilikuwa nimeshajifunza hesabu yake. X huhesabiwa 0, Y huhesabiwa 1, Z huhesabiwa 2. Chukua mfano Y1234567: soma 11234567, gawa kwa 23, kinabaki 10. Kwenye safu yao ya herufi 23, inayoanza T, R, W, A, G, ukihesabu kutoka sifuri, ya 10 ni X. Basi namba kamili ni Y1234567X, na ukikosea tarakimu moja tu herufi haikubali. Herufi I na O hazimo kwenye safu, zisije zikadhaniwa 1 na 0. Kwa kitu hicho nawapa heko. Namba ya kwetu ndefu vile, lakini hii fupi inajilinda vizuri.

Akaunti imefunguliwa. Namba ni ya maisha, hata nikirudi hapa baada ya miaka ishirini. Kadi inakwisha 31 Agosti 2024, na maombi ya kuongeza muda hupokelewa kuanzia siku 60 kabla. Nimeandika kwenye kalenda, 2 Julai: anza kutafuta nafasi.