Tangazo Lilibandikwa, Nami Nikanyamaza

Mimi ni mkaaji wa Bongwe, mahali petu Wadigo pasipo mbali na Ukunda, katika Kaunti ya Kwale. Kwa muda wa miaka mingi nilikuwa karani katika hoteli moja ya Diani, na sasa nimerudi shambani kuitunza minazi aliyoniachia marehemu baba, pamoja na mikorosho na mihogo kidogo. Nayasema haya si kwa kujisifu, bali ili msomaji ajue ya kuwa nilijaliwa kusoma na kuandika. Kwa maana kosa ninalotaka kulieleza leo ni kosa la mtu ajuaye kusoma.

Asubuhi moja nilikwenda dukani kununua sukari, nikaona karatasi imebandikwa ukutani. Lilikuwa tangazo la kuwaita wakaaji wote waje mkutanoni, watoe maoni yao juu ya mahali pa kujengwa bomba la maji la watu wote. Siku ilitajwa, saa ilitajwa, na mahali palitajwa. Nililisoma mara mbili, kisha nikaenda zangu. Moyoni nilisema, "Mambo haya yamekwisha kukatwa, sisi twaitwa kutia sahihi tu na kunywa soda." Tena siku ile ya mkutano mkwezi wangu alikuwa na ahadi ya kuja kuangua nazi. Basi nikaangua nazi.

Mkutano ulifanyika. Walikuja watu wachache, wengi wao wa upande wa juu wa barabara kuu, ile itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga. Wakasema bomba liwe kwao, na kwa kweli kwao palifaa. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa wale ambao wangepinga hawakuwako. Bomba likajengwa huko, na maji yakatoka, na mimi sikufikiri neno.

Hata siku moja nikamkuta shangazi yangu kando ya barabara, mwanamke wa makamo aliyepita umri wa kubeba mizigo, ana dumu la lita 20 kichwani, angoja kuvuka. Magari ya abiria na malori yalikuwa yakipita kwa kasi, na yeye kila akiinua mguu hulazimika kurudi nyuma. Nikampokea dumu, tukavuka pamoja. Nikamwuliza, "Shangazi, mbona watu wa huku chini hamkwenda mkutanoni mkasema?"

Akanitazama, akajibu, "Mwanangu, mkutano gani? Sisi hatukupata habari. Kwani kuna mtu wa huku aliyejua?"

Sikuwa na jibu. Nililibeba lile dumu mpaka mlangoni kwake, nami nilikuwa kimya njia nzima.

Tangu siku ile nilianza kutafuta kujua jambo hili la kuwauliza wananchi limetoka wapi na lina nguvu gani. Sisi Wadigo si wageni wa mashauri. Zamani wazee wetu walikaa katika ngambi, wakazungumza mpaka maneno yakakoma, ndipo shauri likakatwa. Baadaye zikaja baraza za machifu, ambazo mara nyingi mtu alikwenda kusikiliza amri kuliko kutoa neno lake. Lakini Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 imeweka ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa misingi ya kuiongoza nchi, katika kifungu cha 10. Kifungu cha 196 kimeliagiza kila bunge la kaunti lifanye kazi zake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi. Tena Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi lake kwa maandishi. Kwa hiyo karatasi ile ya dukani haikuwa hisani ya mtu. Ilikuwa haki, nami niliipita kama mtu apitaye kichuguu.

Huenda msomaji akasema, kama nilivyosema mimi, ya kuwa haya ni maneno ya vitabuni tu. La, sivyo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji George Odunga alieleza ya kuwa tangazo la gazetini peke yake halitoshi. Habari yafaa ifikishwe pia makanisani, misikitini, barazani na kwa redio za lugha za wenyeji. Na huku huku pwani, tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Kitaifa la Rufani za Mazingira lilifuta kibali cha mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu. Sababu moja kubwa ilikuwa hiyo hiyo: wenyeji hawakupewa nafasi ya kweli ya kuusoma uchunguzi wa madhara yake na kuyajibu. Wavuvi na wakulima wa Lamu hawakuwa na fedha nyingi. Walikuwa na neno lao, na walilisema mahali linapoandikwa.

Nilipoyajua haya niliona haya. Jaji amesema habari zipelekwe misikitini na barazani, na mimi ninayeswali msikiti mmoja na jirani zangu nilishindwa kuwaambia neno la dakika mbili.

Basi lilipobandikwa tangazo jingine, la mkutano juu ya mpango wa maendeleo, nilichukua daftari nikalinakili lote. Nikamwomba imamu ruhusa, nikalisoma baada ya swala ya Ijumaa, kwanza kwa Kiswahili, kisha nikalieleza kwa Kidigo. Nikaenda kwenye chama cha akina mama cha kuweka akiba, nikasoma. Nikapita hata kwa wanywaji wa tembo la mnazi, kwa maana hao nao wakiamka asubuhi hutaka maji kuliko watu wote.

Siku ya mkutano tulijaa. Wanaume walikaa mbele na wanawake nyuma, kama ilivyo desturi, na kwa muda mrefu waliosema ni wanaume peke yao. Vijana walitaka uwanja wa mpira. Wengine walitaka njia ya kwenda zahanati imwagwe changarawe. Afisa aliyetumwa akatueleza kwa upole ya kuwa fedha ni kidogo, na tuchague lipi litangulie. Hapo shangazi akasimama. Akasema, "Mimi sikusoma, lakini barabara ile naijua kwa miguu yangu. Navuka mara nne kila siku, na wajukuu wangu wanavuka nami. Uwanja ni mzuri, na changarawe ni nzuri. Lakini je, mtoto akigongwa na gari kwa sababu ya maji, uwanja huo atacheza nani?"

Watu wakanyamaza. Kijana mmoja wa mpira ndiye aliyeinuka akasema bomba la upande wa chini litangulie. Jioni ile ile tuliandika maoni yetu katika karatasi, nakala mbili. Wajuao kuandika walitia sahihi, na wasiojua walitia dole gumba. Nakala moja tuliipeleka ofisini, na ya pili ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nayo nimeiweka katika sanduku langu pamoja na hati za shamba.

Sitaki kumdanganya msomaji. Bomba la chini bado halijajengwa. Kutoa maoni si kutoa amri. Wenye kukata shauri wana mahitaji ya watu wengi mbele yao. Lakini sasa neno letu limeandikwa, na lililoandikwa laweza kuulizwa. Nimejifunza pia kalenda ya mambo haya: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya fedha kabla ya tarehe 30 Aprili, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Atakayekwenda kudai bomba mwezi wa Juni atakuta mapishi yamekwisha na sahani zaoshwa.

Ndugu zangu wakulima na makarani, sisi tujuao kusoma tumezoea kulalamika ya kuwa wananchi hawahudhurii mikutano. Yafaa tujiulize kwanza ni nani aliyewaambia. Ukiona tangazo, lisome mara ya tatu kwa sauti, mbele ya mtu asiyeweza kulisoma. Ukienda mkutanoni, mwachie nafasi yule anayebeba dumu aseme. Na likisemwa neno, liandike, ulipeleke, uweke nakala.

Kila Ijumaa sasa shangazi huniuliza, "Mwanangu, ukutani kuna nini?" Nami sipiti tena dukani bila kutazama.