Ankara si Stakabadhi

Sisi walimu wa hapa Lingeka, katika nchi ya Bariadi, twajulikana kuwa wasomaji wa karatasi za watu. Ni nadra jioni kupita pasipo mtu kubisha hodi na barua mkononi. Kwa kazi hiyo twaheshimiwa. Lakini siku moja ilituletea aibu, nayo twapenda kuwaeleza.

Alikuja mjane mmoja mzee, tumwitaye Mayu kama ilivyo desturi ya Wasukuma. Alikuwa amekopa dawa ya pamba dukani. Nasi tulikuwa na haraka, tukaitazama karatasi yake upesi, tukasema, "Mayu, ni karatasi ya duka, itunze vema." Akaitia sandukuni, akidhani deni limekwisha. Kumbe ilikuwa ankara, yaani hesabu ya fedha anazodaiwa. Siyo stakabadhi, ishuhudiayo kuwa fedha zimepokewa. Siku ya malipo ikapita, akadaiwa na nyongeza juu, hata ikambidi kuuza mbuzi wake. Hakutukemea. Alisema tu, "Mwalimu, ungaliniambia ni deni, ningalilipa."

Baadaye alitutembelea mwanafunzi wetu wa zamani, ajifunzaye Kichina katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2013. Tulimwuliza kama Wachina nao hutenganisha mambo hayo mawili. Akafungua daftari lake: ankara ni zhangdan, na stakabadhi ni shouju, maana shou ni kupokea. Kutia sahihi ni qianzi, na kupiga muhuri ni gaizhang. Tena huko China muhuri mwekundu wa kampuni una nguvu kubwa katika mapatano. Alisema ya kuwa salamu alizijua upesi, lakini maneno haya huyarudia kila usiku. Kwani akikosea salamu watu hucheka, bali akikosea shouju mtu hupoteza mali.

Basi, wazazi, msiridhike kuambiwa "itunze." Ulizeni: karatasi hii yasema nimelipa, au nadaiwa? Siku ya mwisho ni lini? Nani ametia sahihi, na muhuri upo? Nasi walimu tusione haya kusema, "Ngoja tuisome tena."

Mayu angali akija kwetu. Sasa twamsomea mpaka mwisho, naye hutueleza maana yake kwa Kisukuma kabla hajaondoka.