Kijana Aliyesoma Polepole

Katika kila darasa yuko mtoto mmoja ambaye, mwalimu akimwita asome, wenzake huguna. Huweka kidole chini ya neno la kwanza, akalitaja. Hukisogeza chini ya neno la pili, akasimama. Wenzake wamekwisha kufika mwisho wa ukurasa, naye yungali katika mstari wa pili. Wengine humcheka. Labda wewe unayesoma kitabu hiki umepata kumcheka mwenzako namna hiyo. Au labda wewe ndiwe uliyechekwa. Basi sikiliza habari za mtu aliyekuwa mzito wa masomo tangu utoto wake, na uzito huo haukumtoka kabisa.

Jina lake Yohane Maria Vianney. Alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 katika kijiji cha Dardilly, karibu na mji mkubwa wa Lyon, nchi ya Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima wenye watoto sita. Yohane Maria alichunga kondoo na ng'ombe. Mama yake alimfundisha sala angali mdogo sana, hata machungani alikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria. Aliiweka penye mti, akapiga magoti, na wachungaji wenzake wakasali pamoja naye.

Siku zile zilikuwa mbaya. Mwaka 1789 mapinduzi makubwa yalianza katika Ufaransa. Baadaye makanisa yalifungwa, na mapadri waliokataa kuapa kama serikali ilivyotaka walifukuzwa au kuuawa. Wengine walijificha, wakasoma Misa usiku katika nyumba za wakulima. Yohane Maria alipata Komunio ya kwanza mwaka 1799, akiwa na miaka 13, huko Écully, si kanisani bali katika nyumba ya watu. Madirisha yalifungwa, na magari ya majani makavu yalisimamishwa mbele yake, ili mwanga wa mishumaa usionekane nje. Kwa hiyo kijana huyu alijua imani ni kitu cha kufa nacho, kabla hajajua kusoma vizuri.

Masomo yake yalikuwa machache. Shule ilifunguliwa kijijini mwaka 1795, alipokuwa na miaka karibu 9. Alisoma wakati wa baridi tu, kwa maana majira mengine shamba lilimwita. Alijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kidogo, kisha akarudi kwenye jembe.

Moyoni alitaka kuwa padri. Baba yake alikataa kwanza, kwani alihitaji mikono yake shambani. Alipokubali, kijana alikuwa na miaka karibu 20. Akaenda Écully kwa Padri Balley, aliyefundisha vijana nyumbani kwake. Hapo akakutana na Kilatini.

Wakati ule padri hakuweza kuwa padri pasipo Kilatini. Misa ilikuwa katika Kilatini, na vitabu vya seminari vilikuwa katika Kilatini. Lugha hiyo si kama Kiswahili, ambacho hubadili mwanzo wa neno: mtu, watu, kitabu, vitabu. Katika Kilatini neno hubadili mwisho wake, mara hivi, mara vile, na asiyeshika miisho hiyo hajui nani amempiga nani. Yohane Maria hakuwa amesoma vizuri hata sarufi ya Kifaransa chake. Alisoma jioni nzima kando ya mshumaa. Asubuhi yote yametoka kichwani, kama maji katika kikapu.

Wenzake walikuwa watoto. Mmoja wao, Mathias Loras, alikuwa mdogo kwake kwa miaka sita, naye alikuwa mwepesi wa kushika. Mara nyingi alimsaidia. Husimuliwa kwamba siku moja uvumilivu ulimwishia, akampiga Yohane Maria mbele ya wote. Fikirini: kijana wa miaka 20, mwenye mikono ya mkulima, amepigwa na mtoto! Angeweza kumtupa nje kwa mkono mmoja. Lakini alipiga magoti mbele ya mtoto yule, akamwomba radhi kwa uzito wa akili yake. Mathias akaangua kilio, akamkumbatia. Loras huyo baadaye alikwenda Marekani kama misionari, na mwaka 1837 akafanywa askofu wa kwanza wa Dubuque.

Hata hivyo Yohane Maria alikata tamaa, akataka kurudi kwao. Kwanza aliweka nadhiri ya kwenda kwa miguu hadi La Louvesc, kwenye kaburi la Mtakatifu Fransisko Regis, safari ya kilometa karibu 100, akiomba chakula njiani kama maskini. Watu walimdhani mzururaji, wengine wakamfungia mlango. Huko kaburini hakuomba awe mwerevu kupita wengine. Aliomba apate Kilatini cha kumtosha. Na hakurudi na akili mpya, msidhani hivyo! Alirudi na nguvu ya kuendelea tu.

Mwaka 1809 alitakiwa kuingia jeshini, katika vita vya Napoleon. Aliugua, akaachwa nyuma na kikosi chake, akamfuata mtu mmoja hadi kijiji cha milimani kiitwacho Les Noës, akakaa mafichoni kwa jina lingine mpaka mwaka 1811. Habari hiyo ni ndefu, na wako waliomlaumu kwa hiyo. Lakini jambo moja lastahili kukumbukwa: huko mafichoni aliwafundisha watoto wa kijiji kusoma. Yeye, mwenyewe msomaji wa polepole! Labda mwalimu wa namna hiyo hamkasirikii upesi mtoto aliyesimama katika mstari wa pili.

Mwaka 1813 aliingia seminari kubwa ya Lyon. Mafundisho yalikuwa katika Kilatini, na maulizo vilevile. Hakufahamu, wala hakuweza kujibu. Baada ya miezi michache aliambiwa aondoke. Padri Balley hakumwacha. Alimchukua tena nyumbani, akamfundisha kwa Kifaransa. Alipopelekwa mbele ya watahini, aliona hofu, akachanganyikiwa. Balley akaomba aulizwe tena nyumbani Écully, kwa lugha yake. Hapo alijibu vema. Aliyeshika mahali pa askofu aliuliza kama kijana huyo ni mtu wa sala na kama anampenda Bikira Maria. Akajibiwa kwamba ndivyo, akakubali apewe daraja. Tarehe 13 Agosti 1815 Yohane Maria alifanywa padri mjini Grenoble. Alikuwa na miaka 29, na alikuwa amekwenda huko peke yake, kwa miguu.

Mwezi wa Februari 1818 alipelekwa Ars, kijiji kidogo cha watu 200 na zaidi kidogo. Hapo shida yake ya zamani ilimngojea kwa sura nyingine: kila Dominika paroko lazima ahubiri. Hakujua kusema bila maandishi. Basi ilimpasa aandike.

Aliandika katika sakristia. Kabati la mavazi ya Misa lilikuwa meza yake. Aliweka mbele yake maisha ya watakatifu, katekismu na vitabu vya mahubiri, akasoma polepole kama alivyozoea, akachagua, akanakili, akaunganisha. Mara nyingine aliandika saa saba mfululizo, hata usiku wa manane. Akishindwa kuendelea alitoka, akapiga magoti mbele ya altare, kisha akarudi kwenye karatasi zake. Alipomaliza, kazi ilikuwa nusu tu, kwani ilimpasa kushika yote kwa moyo. Usiku wa Jumamosi alijihubiria mwenyewe kwa sauti. Na kesho yake? Siku nyingine, katikati ya mahubiri, maneno yalimpotea mbele ya watu wote, akashuka mimbarini bila kumaliza. Dominika iliyofuata alipanda tena.

Tuseme kweli: mahubiri hayo ya kwanza si mazuri yote. Mengi yamenakiliwa vitabuni, na ni makali kwa walevi na wacheza ngoma. Lakini nani alijifunza kuandika asianze kwa kunakili? Kidogo kidogo maneno yake mwenyewe yaliingia: shamba, ndege, moto, maji, vitu alivyovijua tangu machungani. Baadaye, watu walipozidi kuja kuungama, hakupata tena nafasi ya kuandika. Akawa anafundisha katekismu kila siku saa tano ya asubuhi, bila karatasi, na watu waliojua kuandika upesi wakayaandika maneno yake. Karatasi za zamani hazikupotea. Baada ya kufa kwake zilipigwa chapa.

Watu walitoka mbali kumwona. Mwisho wa maisha yake walikadiriwa kuwa 80,000 kwa mwaka mmoja, naye alikaa kitini mwa kuungamisha mpaka saa kumi na sita kwa siku. Lakini si wote walimsifu. Padri mmoja jirani alimwandikia barua kali, kwamba mtu aliyejua teolojia kidogo namna hii hastahili kuungamisha watu. Paroko wa Ars alichukua kalamu, akamjibu kwamba anayo sababu kubwa ya kumpenda, kwani amemjua vema kuliko wengine wote; akamwomba amsaidie kupata ruhusa ya kuondoka, ili akalie dhambi zake mahali pa faragha. Padri yule alikuja Ars kwa miguu kuomba msamaha.

Mara nyingine mapadri walipitisha karatasi ya kumshtaki kwa askofu, kwamba ni mjinga. Kila aliyekubali alitia sahihi. Kwa bahati mbaya karatasi ilifika mikononi mwa Vianney mwenyewe. Aliisoma yote, kwa utaratibu wake uleule. Kisha akatia sahihi yake chini ya sahihi za wengine, akaipeleka kwa askofu. Tangu siku hiyo haikuonekana karatasi nyingine.

Alikufa tarehe 4 Agosti 1859, akiwa na miaka 73. Papa Pius wa XI alimtangaza mtakatifu tarehe 31 Mei 1925, na mwaka 1929 akamfanya msimamizi wa maparoko wa dunia yote. Nyumba yake ya Ars imehifadhiwa kama ilivyokuwa, na wageni huonyeshwa kitanda chake, sufuria yake na vitabu vyake. Humo ndani, kila jioni, hata katika uzee wake, baada ya kazi ya siku nzima, alikaa na kusoma kurasa chache za maisha ya watakatifu kabla ya kulala.